Deni la Ndoa Analo Aliyeapa

Mwanamke akigundua kuwa mumewe ana mwanamke mwingine, swali la kwanza analokutana nalo kwa dada zake, kwa majirani, hata kwa wakili, ni: huyo mwanamke ni nani? Mwanamume akigundua kwamba mkewe ana mtu, naye huulizwa vivyo hivyo. Watu wanataka jina, namba ya simu, picha, mahali anapofanya kazi. Ni hulka ya binadamu, na aliyeumizwa simlaumu. Ninachokilaumu ni sheria, kwa sababu sheria ya Uganda nayo imelichukua swali hilo la uchungu ikalifanya msingi wa kudai fedha. Naamini wakati umefika Bunge lizifute, kwa maneno ya wazi yasiyosubiri tafsiri ya jaji, kesi zote zinazomruhusu mume au mke kumdai fidia mtu wa tatu kwa kuwa ndoa yake imeharibika. Silisemi hili kwa kuudharau uchungu wa aliyesalitiwa. Nalisema kwa kuwa kesi hizi zinamdhulumu huyo huyo aliyesalitiwa: zinamtuma akadai kwa mtu asiyemwahidi chochote, huku aliyemwahidi mbele ya watu akikaa pembeni.

Sheria ya Talaka tunayoitumia ilitungwa mwaka 1904 chini ya Waingereza, ikafuata nyayo za sheria yao ya mwaka 1857. Ndani yake, mume aliyetaka talaka kwa uzinzi wa mkewe alitakiwa amtaje mgoni, yaani mwanamume aliyezini na mkewe, na kumwunganisha kwenye kesi, na aliruhusiwa kumdai fidia. Mke hakupewa ruhusa hiyo. Tena mume alitosheka na kuthibitisha uzinzi peke yake, ilhali mke alipaswa kuthibitisha uzinzi na jambo jingine juu yake: ukatili, kwa mfano, au kutelekezwa kwa miaka miwili na zaidi.

Wako wanaoamini kuwa sheria ya namna hiyo ilitungwa kuulinda upendo wa ndoa. Historia yake inasema vingine. Baada ya tauni kuu ya karne ya 14 kuua watu wengi Uingereza na vibarua kuwa adimu, mfalme alitoa amri mwaka 1349 ya kuwazuia vibarua wasiwakimbie waajiri wao. Kutokana na amri za aina hiyo majaji wakakuza wazo kwamba kumshawishi mtumishi wa mtu aondoke ni kosa, na mshawishi amlipe bwana. Mwaka 1745, katika kesi ya Winsmore dhidi ya Greenbank, wazo hilo hilo likavikwa mke: aliyemshawishi asirudi nyumbani alidaiwa fidia na mume. Mke hakuwa na dai kama hilo, kwa sababu katika fikra za majaji wa siku zile yeye ndiye aliyekuwa akimtumikia mume, na mtumishi hamdai mtu fidia kwa kumpoteza bwana wake. Hii ndiyo mizizi ya kesi tunazoambiwa zinalinda utakatifu wa ndoa. Zilianza kama kesi za kulinda nguvukazi.

Kanuni hizo za majaji wa Uingereza zilipokelewa rasmi Uganda kwa amri ya mwaka 1902, na mpaka leo sheria yetu ya mahakama inawaruhusu majaji kuzitumia pale sheria zilizotungwa zinapokaa kimya. Waingereza wenyewe walizifuta. Sheria yao ya mwaka 1970, iliyoanza kazi Januari 1971, ilifuta fidia kwa mgoni, ikafuta kesi dhidi ya anayemshawishi mke au mume wa mtu aondoke, ikafuta hata kesi dhidi ya anayempa hifadhi mke aliyeondoka. Sisi tulikuwa huru tangu 1962, kwa hiyo ufutaji huo haukutufikia. Waliotuletea mzigo walishautua, na sisi bado tumeubeba kichwani, tena kuna wanaousifu kuwa ni mila yetu.

Mahakama zetu zimejaribu kuupunguza. Machi 2004 Mahakama ya Katiba iliamua kesi iliyofunguliwa na Chama cha Wanawake Wanasheria wa Uganda na wenzao dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Majaji walisema kwamba vifungu vya Sheria ya Talaka vilivyomtendea mke tofauti na mume vinapingana na Katiba ya 1995, hasa Ibara ya 21 kuhusu usawa na Ibara ya 31 inayowapa mume na mke haki sawa ndani ya ndoa na wakati wa kuivunja. Ulikuwa ushindi mkubwa, na wanawake wengi waliokuwa wamefungwa katika ndoa za mateso walipata mlango wa kutokea. Heshima yangu kwa waliofungua kesi ile ni kubwa.

Lakini tazama kilichotokea kwa vile vifungu vya mgoni na fidia. Mahakama iliambiwa kwamba haki ya kudai fidia ni ya mume peke yake, na tiba iliyotolewa ikawa kuvisoma vifungu hivyo kana kwamba vinawahusu mume na mke sawasawa. Haki iliyozaliwa katika fikra za bwana na mtumishi ikapanuliwa, mke naye akaingizwa ndani yake. Usawa ulipatikana, ndiyo, ila ni usawa wa namna gani? Kabla ya hapo mume alikuwa na ruhusa ya kumdai mwanamume mwenzake. Sasa mke ana ruhusa ya kumburuta mwanamke mwenzake mahakamani. Mume aliyetoka nje ya ndoa anaweza kufika pale kama mtu anayezungumziwa tu, huku wanawake wawili wakiumana mbele yake kwa gharama zao.

Miaka mitatu baadaye, Aprili 2007, mahakama hiyo hiyo iliangusha kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya uzinzi kuwa jinai. Kifungu kile kilikuwa na sura mbili. Mwanamume mwenye mke alitenda kosa pale tu alipolala na mke wa mtu, bali mwanamke aliyeolewa alitenda kosa akilala na mwanamume yeyote. Adhabu ilikuwa kifungo kisichozidi miezi 12 au faini isiyozidi shilingi 200, pamoja na fidia ya shilingi 600 kwa aliyekosewa, na 1,200 mkosaji akirudia. Shilingi 600 za leo hazinunui hata rolex moja ya kando ya barabara, ile chapati iliyoviringishwa na mayai. Hizo tarakimu zinaonyesha kwamba kwa miongo mingi hakuna Bunge lililokaa chini likajiuliza aliyesalitiwa anahitaji nini hasa. Kifungu kiliachwa humo kikiozea vitabuni mpaka mawakili wa haki za wanawake walipokipeleka mahakamani.

Kwa hiyo tangu 2007 dola haimfungi mtu kwa uzinzi. Dai la fedha limebaki. Na dai la fedha Uganda lina mkono mrefu kuliko watu wanavyodhani, maana anayeshindwa kulipa deni lililoamriwa na mahakama anaweza kupelekwa jela ya madeni, na kukaa humo hadi miezi sita. Mwanamke muuza mboga akiamriwa kumlipa mke wa mtu milioni kadhaa asizokuwa nazo, njia ya kumfikisha nyuma ya vyuma ipo. Tuliondoa kifungo kupitia mlango wa jinai, tukakiacha kwenye mlango wa madai.

Tena huyo "mtu wa tatu" kwetu Uganda ni nani hasa? Hapa ndipo sheria iliyonakiliwa kutoka London inapokwama kabisa. Kwa Waingereza wa 1857 ndoa ilikuwa moja, ya kuandikishwa, na asiyekuwa ndani yake alikuwa nje. Kwetu kuna ndoa ya kanisani na ya msajili, kuna ya Kiislamu chini ya sheria ya mwaka 1906, kuna ya Wahindu, na kuna ya kimila iliyopewa sheria yake ya usajili mwaka 1973. Ndoa ya kimila na ya Kiislamu zinaruhusu mke zaidi ya mmoja. Mke wa pili wa Mwislamu wa Bombo au Arua ni mke kamili, na hakuna wa kumwita mvunja nyumba mbele ya hakimu. Mke wa pili wa mtu aliyefunga ndoa kanisani hana ulinzi huo, hata kama alitolewa mahari, hata kama wazee wa pande zote mbili walikaa mkekani.

Mfikirie mwanamke wa miaka 26 anayeuza mitumba katika soko la Owino, Kampala. Amekutana na mwanamume anayemwambia hana mke, au kwamba waliachana zamani. Mwanamume anakubali kwenda kwao. Siku ya kwanjula, sherehe ya kumtambulisha bwana harusi kwa wazazi wa bibi harusi, inafika: wanaume wamevaa kanzu na koti, wanawake wamevaa gomesi, vikapu vya sukari na chumvi na sabuni vimepangwa kwenye nyasi mbele ya hema, wasemaji wa pande mbili wanashindana kwa mafumbo, ssenga, yaani shangazi, anamtoa bwana harusi katikati ya wenzake. Kaka wa bibi harusi anakabidhiwa jogoo wake. Kwa watu wa kabila la Baganda, jogoo huyo akishapokelewa, dada ameolewa. Baba ameridhika, majirani wamekula, picha zimejaa simu za watu. Mwanamke anahamia kwa mumewe, anabeba mimba. Baada ya miaka miwili inakuja barua ya wakili, yenye muhuri, ikimwita mzinzi na kumpa siku kadhaa za kulipa fidia kwa kuharibu ndoa ya mwanamke mwingine iliyofungwa kanisani kabla yeye hajamjua mwanamume huyo.

Huyu amemkosea nani? Sheria inamweka kwenye kiti cha mdaiwa. Mimi namwona kama mlalamikaji wa pili wa mwanamume yule yule. Wanawake wawili wamedanganywa na mtu mmoja. Sheria ya Ndoa inasema wazi kuwa aliyefunga ndoa ya kanisani au ya msajili hawezi kuoa kimila juu yake, na Kanuni ya Adhabu inaiona hiyo ni jinai ya mtu kuoa wakati bado ana ndoa halali. Jinai hiyo ni ya mwanamume aliyejua. Lakini nani amewahi kusikia inapewa uzito? Polisi humwambia mke arudi nyumbani wakazungumze, na wakili humshauri amfuate yule mwanamke, kwa sababu mwanamke wa sokoni anatishika haraka kuliko mume mwenye ofisi. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, na kesi hizi zinamfundisha aliyeumwa atafute mdudu kwenye nguo za jirani.

Wengi hawafiki mbele ya hakimu hata kidogo, na jambo hili halizungumzwi vya kutosha. Nguvu ya dai la namna hii iko kwenye barua yenyewe. Anayeipokea anaogopa aibu kuliko anavyoogopa hukumu: jina lake kutajwa, mchungaji wake kujua, mwajiri wake kupata habari, watoto kuambiwa shuleni. Analipa kimya kimya ili jambo lifunikwe. Hata asiye na hatia hulipa. Sheria yoyote inayompa mtu silaha ambayo hufanya kazi vizuri zaidi nje ya mahakama kuliko ndani yake ni sheria ya kutilia shaka.

Na ili dai lifike mahakamani likiwa na miguu, ushahidi wake unatoka wapi? Uzinzi hauna mashahidi. Mtu anaiba simu ya mwenzake usiku, anapiga picha jumbe za WhatsApp, anawalipa vijana wa boda boda wamfuatilie mtu hadi nyumba ya wageni, anavunja mlango kufumania huku kamera za simu zinarekodi. Kuingia kwenye simu ya mtu bila idhini ni kosa chini ya sheria yetu ya matumizi mabaya ya kompyuta ya mwaka 2011, na Ibara ya 27 ya Katiba inalinda faragha ya mtu na makazi yake. Mdai anasukumwa avunje sheria moja ili atimize masharti ya nyingine. Video za fumanizi zinazosambaa mitandaoni kila siku, mwanamke akiwa uchi anajifunika kwa shuka na watu wanacheka, zimezaliwa na fikra hiyo hiyo kwamba mgoni ni mali ya umma ya kuaibishwa. Watoto wa nyumba hiyo wataiona video ile. Wataiona tena wakiwa na miaka 15, na wakiwa na miaka 30.

Wanaotaka dai hili libaki wana hoja nzito, na nitaitendea haki. Wanasema Ibara ya 126 ya Katiba inaziagiza mahakama zitoe haki kwa kufuata sheria na pia maadili, desturi na matarajio ya wananchi, tena zitoe fidia ya kutosha kwa waliotendewa ubaya. Wananchi wa Uganda, wanasema, kuanzia Karamoja hadi Kigezi, hawajawahi kuona uzinzi kuwa jambo la watu wawili faraghani. Kulikuwa na faini za mifugo, wazee walikaa, damu haikumwagika. Ukimwondolea mtu mlango wa mahakama, atachukua panga.

Hoja ya panga inanigusa, kwa kuwa wivu unaua kweli katika nchi hii. Lakini faini ya wazee ilifanya kazi gani? Ilikuwa ni makubaliano ya koo mbili ambazo kesho yake zingekutana kisimani na malishoni. Mkosaji hakulipa peke yake, ukoo ulimchangia, na kwa kuchanga ukapata sauti ya kumkanya. Pande zote zililazimika kula pamoja baada ya kulipana. Mahakama ya hakimu haina chochote katika hayo. Inaandika tarakimu, inamwacha mdaiwa na deni na mdai na hukumu, na kila mmoja anatoka kwa mlango wake akiwa na hasira zaidi. Anayetaka kurudisha hekima ya wazee aitafute kwa wazee, kwa hiari, mbele ya ukoo au imamu au mchungaji. Tena mila nayo tumeishaikagua. Mwaka 2015, katika kesi ya shirika la MIFUMI, Mahakama ya Juu iliacha mahari ibaki lakini ikasema kudai irudishwe wakati ndoa inavunjika ni kinyume cha Katiba, kwa kuwa kunamdhalilisha mwanamke na kumfunga katika ndoa asiyoitaka. Majaji waliweza kutenganisha zawadi na deni. Bunge linaweza kufanya hivyo hapa pia.

Majirani zetu wamechukua njia tofauti. Tanzania, kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, iliweka fidia ya ugoni kwa mume na kwa mke tangu mwanzo. Ilimlinda pia aliyethibitisha kwamba hakujua wala hakuweza kujua kuwa mwenzake ana ndoa, na ikakataza fidia hiyo isigeuzwe adhabu. Ni sheria yenye utu kuliko yetu ya 1904. Lakini sheria hiyo hiyo inaruhusu pia kumdai yeyote aliyemshawishi mke au mume wa mtu aondoke, kwa sababu yoyote ile. Hebu tuipime sababu hiyo yoyote ile kwa maisha ya Uganda. Ssenga anayempokea mpwa wake usiku, uso umevimba kwa kipigo, na kumwambia asirudi, ni mshawishi. Mama anayemwambia binti yake akae nyumbani mpaka mume aache pombe ni mshawishi. Mchungaji, diwani, mfanyakazi wa nyumba ya hifadhi ya wanawake, wote hao. Katika kanuni za kale za Kiingereza tulizozipokea, anayempa hifadhi mke wa mtu alikuwa na utetezi akionyesha kwamba alimwokoa na ukatili, lakini kwanza alipaswa kujibu mashtaka. Nchi iliyotunga sheria dhidi ya ukatili wa majumbani mwaka 2010 haiwezi kuacha mlango huo wazi, hata kama ni nadra mtu kuupitia. Siku itakayopitiwa, atakayeumia ni yule aliyefungua nyumba yake usiku wa manane.

Afrika Kusini ilikuwa na dai kama hili kwa karne nzima na zaidi, kutoka katika sheria za Kiroma na Kiholanzi. Mume mmoja alimdai mwanamume mwenzake, akashinda katika mahakama ya Pretoria, kisha akashindwa katika rufaa, na mwezi Juni 2015 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ikalizika dai hilo moja kwa moja, hukumu ikiandikwa na Jaji Madlanga. Kiini chake kilikuwa hiki: kuitunza ndoa ni wajibu wa waliofunga ndoa, na fidia kutoka kwa mtu wa nje haiwezi kuiponya iliyokwisha kuugua. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya Namibia ikafuata njia hiyo. Hizi ni nchi za Kiafrika zenye makanisa yaliyojaa na koo zenye nguvu kama zetu, na ndoa hazikuporomoka kwa sababu hiyo.

Kule Marekani, Indiana ilizifuta kesi hizi mwaka 1935, na majimbo mengi yakafuata. North Carolina ilikataa. Mwaka 2018 jaji wa jimbo hilo alimwamuru mwanamume amlipe mume wa mwanamke aliyehusiana naye dola milioni 8.8. Niliisoma hukumu ile nikajiuliza ndoa yenyewe ilipata nini humo, nikashindwa kupata jibu. Wapo wanaoitamani Uganda ya aina hiyo. Mimi naiogopa, kwa kuwa najua nani angeipata hiyo milioni na nani angeipoteza.

Turudi kwa mke aliyeachwa, kwa sababu yeye ndiye ninayemfikiria tangu mwanzo. Ana watoto watatu. Nyumba imeandikwa jina la mume. Kibanja, yaani kipande chao cha ardhi, kilinunuliwa kwa fedha zao wote, lakini hati ya mauzo ina sahihi moja. Ada ya muhula ujao haijalipwa. Mwaka 2013, katika kesi ya Rwabinumi dhidi ya Bahimbisomwe, Mahakama ya Juu ilisema kwamba mali haiwi ya wote wawili kwa kufunga ndoa tu, na kwamba anayedai sehemu yake aonyeshe mchango wake, hata ule usio wa fedha. Kuonyesha mchango wa miaka 12 ya kupika, kulima, kuuza ndizi na kulea watoto ni kazi ngumu inayohitaji wakili mzuri, mashahidi na muda. Sheria ya Ardhi inamlinda asiuziwe ardhi ya familia bila ridhaa yake, ila lazima aijue haki hiyo na aiwahi kabla mnunuzi hajafika.

Huko ndiko fedha yake ilipo. Ipo kwenye nyumba, kwenye kibanja, kwenye matunzo ya watoto, kwenye mshahara wa aliyeapa. Kila shilingi anayompa wakili amfuate mwanamke wa Owino ni shilingi iliyotoka kwenye kesi ya kibanja. Kila mwezi anaotumia kutafuta picha za nyumba ya wageni, mume anautumia kuhamisha mali kwa jina la kaka yake. Nimewasikia wanaume wakisema kwa kujiamini kabisa, "Waache wagombane wao kwa wao." Wanajua wanachokisema. Kesi dhidi ya mtu wa tatu ni nafuu kwa mume mkosaji, na hata pale mume anapokuwa ndiye mdai ni hivyo hivyo: mke aliyetoka na mtu anageuzwa kitu kilichoibiwa, asiulizwe kwa nini aliondoka, wala alikuwa akiishi vipi humo ndani.

Bungeni mswada wa ndoa umekuwa ukiingia na kutoka tangu ule wa mwaka 2009 uliokwama 2013 kwa kelele za mahari na mali, na Sarah Opendi, akiwa mbunge wa wanawake wa Tororo, aliubeba tena miaka ya karibuni. Kelele zitarudi. Sitarajii wabunge wakubaliane juu ya mahari au mitala kwa haraka. Lakini jambo hili ni dogo na linaweza kusimama peke yake, hata nje ya mswada mkubwa. Vifungu vya kumwunganisha mgoni kwenye kesi ya talaka, kumdai fidia na kumtoza gharama viondolewe. Kisha kifungu kimoja kiseme kwamba hakuna dai la madai litakalofunguliwa Uganda dhidi ya mtu yeyote kwa kuzini na mume au mke wa mtu, kumshawishi aondoke, au kumpa hifadhi, liwe limetokana na sheria iliyotungwa au na kanuni zilizopokelewa 1902. Uzinzi ubaki sababu ya talaka kwa anayetaka kuutumia. Mwenye kutishwa, kupigwa au kutukanwa hadharani na mtu wa tatu ana sheria nyingine za kumlinda, na hizo zisiguswe.

Kuna jambo moja ningeliongeza. Mume au mke akitumia mali ya familia kumhudumia mtu wa nje, kumpangia nyumba, kumnunulia kiwanja, kumlipia ada, mahakama iwe na mamlaka ya kuihesabu mali hiyo kana kwamba bado ipo, na kuikata kwenye sehemu yake yeye aliyeitumia wakati wa kugawana. Hapo usaliti unapata bei, na anayeilipa ni aliyesaliti. Mke wa Masaka ambaye mumewe alijenga nyumba Mukono kwa mkopo uliowekewa dhamana ya shamba lao hatahitaji kujua jina la anayeishi humo. Atahitaji nakala ya mkataba wa mkopo na hesabu ya benki, karatasi ambazo hakimu anaweza kuamuru ziletwe.

Na zile kesi ambazo tayari ziko mahakamani? Zisiachwe zijiendee mpaka hukumu huku sheria inabadilishwa. Kanuni za usuluhishi za mwaka 2013 zinazitaka mahakama ziwapeleke wadaawa kwa msuluhishi kabla ya kusikiliza shauri. Hapo msuluhishi amwite mume, hata kama hakushtakiwa, akae meza moja na wote wawili, na swali la kwanza kuulizwa liwe ni ada ya watoto ya muhula huu inalipwa na nani na kwa tarehe ipi.